Njugu za 'Kijapani' zilizozaliwa Mexico

Ingia duka lolote Mexico City uitishe njugu za Kijapani, utapewa pakiti bila maswali. Ni njugu iliyovikwa ganda gumu la unga wa ngano lenye ladha ya sosi ya soya, ile ukiuma inalia kra! Wenyewe huikamulia ndimu na kumwagia pilipili juu. Sasa cheki hii: haikutoka Japani. Ilizaliwa papo hapo Mexico.

Aliyeianzisha ni Yoshigei Nakatani, jamaa aliyetoka Japani na kutua Mexico mwaka 1932. Alipata kazi kiwanda cha vifungo, akaoa dem wa huko, Emma Ávila. Maisha yalikuwa yanasonga. Kisha 1942 Mexico ikaingia vitani dhidi ya Japani na wenzake. Mwaka huo huo Wajapani walioishi mpakani na pwani waliamriwa kuhamia miji kama Mexico City na Guadalajara. Nakatani alikuwa jijini tayari, lakini kazi iliisha. Una mke, una watoto, na sura yako tu inatosha kushukiwa. Ungefanyaje?

Yeye aliingia jikoni. Mwaka 1945 akachukua njugu za Mexico na kuzivika ganda kama la vitafunio alivyovijua kwao. (Karanga yenyewe asili yake ni Amerika Kusini, hata hapa Afrika ililetwa na Wareno. Yetu ya tangu jadi ni njugu mawe.) Yeye na Emma walipakia kwa mkono, wakauza soko la La Merced. Wateja wakawa wanaitisha "njugu za yule Mjapani". Jina likashika hivyo hivyo.

Hapa ndipo stori inaniuma. Nakatani hakusajili uvumbuzi wake. Kampuni kubwa zikaingia na za kwao, jina lile lile, na chapa yake, Nipón, ikabaki moja tu kati ya nyingi. Wapo watakaosema chakula hakina mwenyewe. Sawa, lakini mbona anayesema hivyo huwa ndiye mwenye kiwanda kikubwa? Yeyote aliyewahi kuuza kitu mtaani, kisha wiki ya pili akakuta majirani watatu wanauza hicho hicho, anaelewa.

Nakatani alifariki 1992. Mwanawe Gustavo alikuwa staa wa muziki huko Mexico, akijiita Yoshio na kuimba mapenzi kwa Kihispania.