Kitambaa cha Mgongo wa Upinde

Vijana wetu kadhaa huku Marekani wameingiwa na hamu ya kuchonga pinde kwa mikono yao, na swali moja limenifikia zaidi ya mara moja: mgongoni kibandikwe kitambaa gani? Mmoja ameuliza pia kama yafaa kanga ya marehemu bibi yake. Nitamjibu, lakini kwanza tujue kitambaa chenyewe kina kazi gani.

Upinde una tumbo, linalomwelekea mpigaji, na mgongo, unaoelekea shabaha. Uvutapo ugwe, tumbo husongamana na mgongo hunyooshwa. Upinde ukivunjika, aghalabu huanzia mgongoni: kibanzi kimoja huinuka, kisha mti mzima hupasuka karibu na uso wa mtu. Ubao wa dukani, kama ule wa mwaloni mwekundu, una hatari hiyo zaidi kwani msumeno haukujali nyuzi za mti zinakwenda wapi. Kitambaa hukishika kibanzi kisiinuke. Walakini ubao ambao mistari yake inakatiza upande usibandikwe chochote; tafuta mwingine.

Mimi nachagua kitani. Uzi wake una nguvu nyingi na hunyumbuka asilimia 2 au 3 tu kabla ya kukatika, kwa hiyo husaidiana na mti tangu mwanzo wa kuvuta. Pamba hufika kama asilimia 7, na hariri huweza kufika 20. Hariri ni nyembamba, nyepesi na ya kupendeza, nayo huzuia vibanzi vizuri, ila mzigo wenyewe huuachia mti. Asiye na fedha atumie gunia la juti. Halina uzuri, lakini linafaa.

Dukani usidanganywe na jina. Choma uzi mmoja: kitani na pamba huacha jivu na harufu ya karatasi, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Kitambaa kipya kifue kwa maji ya moto, wanga utoke, maana gundi haishiki juu ya wanga. Kata vipande vya urefu wa upinde, nyuzi za urefu zifuate upinde moja kwa moja; kikikatwa mshazari kitanyumbuka bure. Piga mgongo msasa, paka gundi ya mbao, laza kitambaa, kisha kanda kwa vidole kutoka katikati kwenda nchani mpaka pasibaki hewa. Tabaka mbili zatosha. Kiache wiki nzima kabla ya kuvuta, hata kama mkono unawasha.

Sasa kanga. Ni pamba, na iliyofuliwa miaka mingi imechoka. Kuipa kazi ya kulinda macho ya mtoto si kumheshimu bibi. Mgongoni weka kitani. Kanga izungushwe kwenye kishikio, mahali ambapo upinde haupindi wala hapadaiwi nguvu. Ukanda mwembamba unatosha, nao ukatwe kwenye pindo, usikatwe katika mji wala penye jina. Na kabla ya kutia mkasi, mwanangu, muulize mama yako na dada zake. Pengine kila mmoja wao anadhani kanga ile ameachiwa yeye.