Wazazi Walioketi Shuleni Mpaka Wakakabidhiwa

Mwaka 1876 Bunge la Kanada lilipitisha sheria juu ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha ajabu: mwenyeji atakayepata shahada ya chuo kikuu, papo hapo atahesabiwa na serikali kuwa si mmoja wa watu wake tena. Kifungu hicho kililegezwa miaka michache baadaye, lakini fikra iliyokizaa haikuondoka. Elimu ilikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa ukoo.

Watoto nao walipelekwa katika shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa kwa fedha za serikali, wakakatazwa kusema lugha za mama zao. Mojawapo ilikuwa Blue Quills, iliyofunguliwa mwaka 1931 karibu na mji wa St. Paul, jimboni Alberta. Mwaka 1970 serikali ilipanga kuifunga na kuwahamishia watoto katika shule za mjini. Mtu angedhani wazazi, ambao wengi wao waliteseka humo humo utotoni, wangefurahi. La! Walitaka shule iwe yao. Mwezi Julai waliingia wakaketi, mamia kwa mamia wakipokezana, wakalala humo zaidi ya wiki mbili, hata serikali ikakubali kuwakabidhi. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo Kanada kwamba shule ya bweni ya aina ile iwe chini ya wenyeji wenyewe.

Baadaye yakaanza masomo ya juu, na mwaka 2015 Blue Quills ikajitangaza chuo kikuu. Wamiliki wake ni jamii saba za wenyeji, na jina lake rasmi limeandikwa kwa Kikrii na Kidene, lugha zile zile zilizokatazwa.

Limebaki suala la ada. Mwaka 1996 serikali kuu iliwekea ongezeko la fedha za wanafunzi hawa kikomo cha asilimia 2 kwa mwaka, ilhali vijana wanaostahili wakizidi. Mabaraza ya jamii ndiyo yanayogawa, kwa hiyo wazee waliopigania haki ya kuamua wakajikuta wakiamua ni kijana gani asubiri. Hiyo, kwa maoni yangu, ni mamlaka nusu. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilidai mwaka 2015 fedha za kutosha, mpaka foleni ya wanaosubiri iishe.