Kompyuta Imegoma: Mshahara Je?

Ndugu wafanyakazi wa mawese, Rumonge,

Tukiambiwa "kompyuta imegoma, mishahara ingoje", tuulize sababu. Karani hufungua daftari la mishahara lililomo katika kompyuta kuu, yaani seva, akiwa mbali nayo. Seva ya Windows huruhusu makarani kuingia hivyo siku 120 bila leseni. Zikiisha, hufungiwa mlango.

Fundi atazame mambo matatu. Kwanza, seva ya leseni imesajiliwa? Pili, leseni zilizonunuliwa ni za watu au za mashine, na seva imepangwa vivyo hivyo? Tatu, seva ya daftari imeonyeshwa ilipo seva ya leseni?

Hata mlango ukifungwa, wasimamizi wawili bado huweza kuingia. Basi waingie, mishahara ilipwe. Leseni ni deni la mwajiri, si letu.