Nyama Mbichi Haimfanyi Mbwa Kuwa Mkali

"Dokta, nikimwanzishia nyama mbichi, si atakuwa mkali?" Ni vigumu kumpata daktari wa mifugo, Arusha au Nairobi, ambaye hajaulizwa hivyo mpaka akachoka. Kinachochekesha ni kwamba swali huja na watu wa aina mbili. Wa kwanza ana watoto wadogo nyumbani, na anaogopa. Wa pili ameibiwa juzi, na anatumaini.

Jibu ni hapana, kwa wote wawili. Nyama ikishafika kwenye utumbo mwembamba huvunjwavunjwa kuwa chembe zilezile za protini, iwe ilipita sufuriani au haikupita. Mwili wa mbwa hauna kumbukumbu ya moto. Nchini Marekani, mbwa wa mashindano aina ya Greyhound wamelishwa nyama mbichi ya ng'ombe kwa miongo mingi, na wakistaafu watu huwachukua majumbani wakalala kwenye makochi pamoja na watoto. Kwa upande mwingine, mbwa wengi wa polisi na wa jeshi duniani hula chakula kikavu cha mfuko, na hakuna mwizi aliyewahi kulalamika kwamba wamelegea.

Wapo wanaodai kwamba sayansi imeithibitisha imani hii. Wanachokitaja, hata kama hawakijui kwa jina, ni utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1996, ambapo mbwa walilishwa viwango tofauti vya protini. Wale wenye ukali wa kulinda eneo walitulia walipopunguziwa protini. Wenye ukali wa aina nyingine hawakubadilika. Kilichopimwa pale ni wingi wa protini. Kilo ya nyama ikichemshwa hubaki na protini karibu ileile, lakini hakuna anayeiogopa nyama ya kuchemsha.

Imani hii basi imetoka wapi? Imetoka uani, na anayeisimulia hasemi uongo, ila anasoma vibaya alichokiona. Mbwa amekula ugali na ukoko wiki nzima, tena mara moja kwa siku. Jumapili anatupiwa mfupa wa paja wenye nyama. Anaulalia. Masikio yamelala nyuma, mwili umekakamaa, anaacha kutafuna, na jicho moja linamfuata mtoto anayepita mpaka weupe wake unaonekana. Mtoto ananyoosha mkono, anaumwa. Jioni familia nzima imeshakubaliana kwamba ni ile nyama mbichi. Mbwa huyo alikuwa analinda mali ambayo haioni ila kwa nadra. Angetupiwa chapati yenye samli akiwa na njaa ileile, angeilinda vilevile. Dawa yake ni kumlisha vya kutosha kila siku, mahali pa peke yake, na kuwazuia watoto wasimsogelee anapokula.

Dada wa imani hiyo ni ile ya damu: kwamba mbwa akionja damu atamaliza kuku wa jirani. Mbwa humfukuza kuku kwa sababu kuku anakimbia. Asiyewahi kuonja damu humfukuza vilevile.

Halafu kuna waganga wa mtaani wenye mapishi ya ukali: pilipili kwenye uji, damu mbichi, na hata bangi. Pilipili humchoma mbwa mdomo na tumbo, akaharisha. Bangi humfanya ayumbe, alale na kujikojolea. Mlinzi wa namna hiyo mwizi atamruka bila hata kumwamsha. Inachosha kuyaeleza haya, lakini wagonjwa wa mambo hayo wanaletwa.

Ukali hutengenezwa kwingine. Mtoto wa mbwa kati ya wiki 3 na 14 hivi anajifunza kipi ni cha kawaida duniani. Aliyefungiwa bandani kipindi hicho bila kuona wageni, watoto wala pikipiki atawaogopa wote, na woga huzaa meno. Mnyororo wa kutwa nzima hufanya kazi hiyohiyo. Maumivu pia. Na mbwa mpole anayegeuka ghafla, akang'ata hovyo, akabadilika sauti au kudondosha mate, asitafutiwe sababu buchani. Hicho huenda ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao karibu kila binadamu anayeupata huambukizwa na mbwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Sasa lile swali ambalo watu hawaulizi: nyama imetoka wapi, na ni kiungo gani?

Pale machinjioni, mkaguzi akikata ini au mapupu na kukuta vifuko vya maji, huviondoa visiliwe na watu. Visipoteketezwa, mbwa wanasubiri nje ya uzio. Vifuko hivyo ni hatua changa ya tegu aitwaye Echinococcus granulosus. Ndani ya mbwa anakua kuwa mnyoo wa milimita chache tu, na mbwa haonyeshi dalili yoyote. Mayai hutoka na kinyesi, yanashika kwenye manyoya, mtoto anamkumbatia mbwa wake kisha anakula bila kunawa. Miaka kadhaa baadaye kifuko kilekile kiko kwenye ini la mtu, wakati mwingine kikubwa kama nazi. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilikuwa na viwango vya ugonjwa huu miongoni mwa vya juu kabisa duniani, hata shirika la afya la AMREF likaanzisha mpango wa kuudhibiti huko mwaka 1983.  Mbwa wa huko walikuwa na tegu.

Ndugu yake huyo tegu ndiye anayewapa kondoo ugonjwa wa kizunguzungu: kifuko hukaa kwenye ubongo, mnyama huzunguka mpaka achinjwe, kichwa hutupiwa mbwa, na mzunguko unaanza upya malishoni.

Tatizo la pili, baada ya tegu, ni mifupa ya watoto wa mbwa. Mtu ananunua German Shepherd wa miezi miwili, kwa mapenzi anamlisha steki tupu. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi mara 15 hadi 20 ya kalsiamu, wakati mwili wake unahitaji kalsiamu izidi kidogo. Mwili unaanza kuichota kwenye mifupa. Akifika miezi minne au mitano anachechemea, miguu imepinda, na kwenye eksirei mifupa imefifia karibu sawa na nyama inayoizunguka. Ugali na dagaa vingemfaa zaidi.

Na hoja ya wapenda nyama mbichi kwamba mbwa ni mbwa mwitu tu, iliyopata nguvu tangu daktari Ian Billinghurst wa Australia alipotoa kitabu chake cha mifupa mibichi mwaka 1993, ina kasoro. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mbwa wa kufugwa wamejaliwa nakala nyingi za jeni la kumeng'enya wanga, kati ya 4 na 30, dhidi ya 2 za mbwa mwitu. Ugali si tusi kwa mbwa.

Anayetaka kumwanzishia mbwa nyama mbichi hata hivyo, afanye hivi. Anunue nyama iliyokaguliwa na kugongwa muhuri. Aigandishe kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki nzima, kwenye friza ya kweli, maana kile kichumba cha barafu cha jokofu dogo aghalabu hakifiki huko. Umeme ukikatika siku mbili, aanze kuhesabu upya. Barafu huua tegu, haiui bakteria wa salmonela, kwa hiyo ubao na kisu viwe vya mbwa peke yake. Maini, mapupu na vichwa vichemshwe nusu saa, kisha mifupa ya vichwa itolewe. Nyama ya nguruwe ipikwe. Mbwa mzima hula asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kwa siku: wa kilo 20, gramu 400 hadi 600. Sehemu kubwa iwe nyama, kama sehemu moja ya kumi mfupa laini, mathalani shingo za kuku, na ini lisizidi asilimia 5. Dagaa wakavu waongezwe. Abadilishiwe polepole kwa siku 7 hadi 10. Mfupa uliopikwa asipewe kamwe, wala vitunguu, hata saumu inayosifiwa kwa minyoo, kwani huharibu chembe nyekundu za damu. Mtoto wa mbwa, au nyumba yenye mtoto mchanga au mtu mwenye kinga dhaifu: chakula kipikwe.

Pale ambapo tegu Echinococcus yupo, mbwa apewe dawa ya minyoo ya prazikwanteli kila baada ya wiki 6, kwa uzito wake na si kwa kukadiria. Dawa hiyo huua mnyoo na kuyaacha mayai hai, kwa hiyo kinyesi cha siku chache zinazofuata kizikwe kwenye shimo refu au kichomwe, mbali na bustani ya mboga.