Ngome ya Baltit: imewezaje kusimama miaka 700?

Wadau, wengi wetu tukisikia Aga Khan tunawaza hospitali na shule. Leo twende kaskazini mwa Pakistani, bonde la Hunza, ambako kuna mji mzima uliopewa jina lake: Karimabad, kwa heshima ya Karim Aga Khan aliyefariki Februari 2025. Wakazi wengi ni Waismailia. Mji uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukitazama ng'ambo ya bonde unauona mlima Rakaposhi, mita 7,788. Kilimanjaro yetu (5,895) inaonekana mtoto kabisa!

Juu ya mji ndipo ilipo Ngome ya Baltit. Sehemu zake za kwanza zina miaka 700 hivi. Humo waliishi watawala wa Hunza, walioitwa Mir, na jamaa hawa hawakuwa wa mchezo: watu wao walivamia misafara ya biashara ya kwenda Yarkand, kisha wakarudi zao milimani. Nani angewafuata kule? Waingereza waliwafuata mwaka 1891. Mir Safdar Ali akakimbilia China, ndugu yake akawekwa kwenye kiti.

Ila kinachonivutia mimi ni ujenzi. Kule matetemeko ni kawaida, ukuta wa mawe matupu ungeshaanguka zamani. Mafundi walilaza maboriti ndani ya kuta, wakayafungamanisha kwenye pembe, kisha wakajaza mawe na udongo. Ardhi ikitikisika, mbao zinacheza kidogo, ukuta unabaki.

Mwaka 1945 Mir akahamia jumba jipya. Hapo ndipo ngome ilipoanza kufa, maana paa la udongo linataka mtu wa kulikarabati kila mara. Taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ikaanza kuitengeneza miaka ya 1990, ikafunguliwa kama makumbusho 1996. Na hawakuishia kwenye ngome. Nyumba za kale zilizo chini yake nazo zilisaidiwa, zikapata vyoo, ili watu wasizihame. Hapo nawapa tano!

Taasisi hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza bustani ya Forodhani, Zanzibar, mwaka 2009. Hatua chache tu kutoka hapo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu wawili.

Je, mtaani kwenu kuna jengo la kale? Nani anakaa humo? Tuambieni hapo chini.