Je, Wajua? Kuna metali inayoyeyuka kiganjani

Ugumu si sifa ya lazima ya metali, na shahidi ni galiamu, iliyogunduliwa Ufaransa mwaka 1875. Huyeyuka kwenye nyuzi 29.8 za Selisiasi: ukishika kipande chake kinachong'aa kama fedha, baada ya dakika chache unabaki na tone zito linaloteleza huku na huku kiganjani. Atakayesema zebaki nayo ni majimaji hajakosea. Ila zebaki hutoa mvuke wenye sumu na huchemka kwenye nyuzi 357, ilhali galiamu haichemki hadi ipite nyuzi 2,200. Tena ikiganda hutanuka, kama maji yanavyofanya, hivyo chupa ya kioo yaweza kupasuka. Na iepushwe na alumini: hupenya ndani yake, ikaiacha ikimeguka kama biskuti.