Garissa nayo yastahili kutembelewa

Kila mapumziko ya muhula yanapokaribia, wahadhiri wenzangu huulizana watakakokwenda kunyoosha miguu kwa siku mbili tatu. Majibu hayabadiliki: Mombasa, Lamu, Naivasha, na mwenye nafasi huvuka bahari hadi Unguja. Safari hii nilipowaambia kwamba nia yangu ni Garissa, mmoja alidhani nafanya mzaha, na mwingine akaniuliza, kwa sauti ya upole kama ya mtu azungumzaye na mgonjwa, iwapo nimehamishiwa huko.

Neno hilo, kuhamishiwa, ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Katika fikira za Wakenya wengi Garissa si mahali pa kwendea kwa hiari. Askari, mwalimu, hakimu na daktari hupelekwa huko, na tangu enzi za mkoloni uhamisho huo umehesabiwa kuwa nusu ya adhabu. Wenyeji nao wamelijibu jambo hili kwa kauli yao wenyewe: mtu wa kaskazini afungapo safari ya kuja Nairobi aghalabu husikika akisema kwamba anakwenda "Kenya". Sisi tunaofundisha isimu hatupuuzi kauli za namna hii. Mtu hasemi anakwenda mahali ambapo tayari yupo.

Fikira hizi hazikuchipuka zenyewe kama uyoga. Sheria ya mwaka 1926 iliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa, ambalo mgeni hakuweza kuingia bila kibali. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Uingereza iliwakuta Wasomali wengi wa wilaya hiyo wakitaka kuungana na ndugu zao wa Somalia, haikuwa hivyo. Desemba 1963, siku chache tu baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, hali ya hatari ikatangazwa katika mkoa huo mpya wa Kaskazini Mashariki. Vita vya shifta vilimalizika kwa mapatano ya Arusha ya 1967, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea hadi 1991. Taifa lililofungiwa sehemu ya nchi yake kwa muda huo wote haliwezi kulaumiwa kwa kutoijua. Laweza kulaumiwa, hata hivyo, kwa kutotaka kuijua sasa.

Basi tuipange safari yenyewe. Kutoka Nairobi kupitia Thika na Mwingi ni kama kilomita 370 za lami. Ondoka alfajiri ufike mchana, wala usisafiri usiku. Chagua msimu kwa makini. Wasomali huugawa mwaka mafungu manne: "gu" ni masika, "xagaa" ni majira makavu ya katikati ya mwaka yenye nafuu ya joto, "deyr" ni vuli, na "jilaal" ni kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka. Mimi nashauri xagaa. Katika gu na deyr mto Tana huweza kukufunga njiani: Novemba 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko yaliikata barabara kati ya Madogo na Garissa, watu wakavushwa kwa mashua, na katika mkasa wa Aprili mashua moja ikazama pale Kona Punda. Na hapo ni mwendo wa dakika chache tu kutoka darajani. Jilaal nayo haina huruma, na si ajabu kwamba mtambo wa umeme wa jua wenye uwezo wa megawati 50 hivi, uliofunguliwa Desemba 2019, ulijengwa karibu na mji huu.

Usisahau kitambulisho. Kwa miaka mingi abiria wenye sura ya Kisomali wamelalamika kwamba katika vizuizi vya njia hii wao huteremshwa na kuhojiwa ilhali wenzao wa viti vya jirani huachwa wakisinzia. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kukomesha msasa wa ziada waliokuwa wakifanyiwa waombaji vitambulisho wa maeneo haya. Kama tangazo hilo limefika mpaka vizuizini, msomaji ataamua mwenyewe akiwa ndani ya basi, akitazama ni nani anayeteremshwa.

Ukishavuka daraja umeingia mjini, na siku ya kwanza uitumie kutembea mitaani. Mtaa huitwa "bulla", na majina ya bulla na wadi za Garissa ni kitabu kizima kwa mwenye sikio. Iftin ni nuru. Waberi ni alfajiri. Galbet ni lile neno la Kisomali "galbeed", yaani magharibi. Tawakal hahitaji mkalimani aliyekwisha kusikia tawakali ya Kiswahili. Halafu katikati ya nuru na alfajiri hizo kuna soko liitwalo Suuq Mugdi, yaani soko la giza! Nenda ukalione asubuhi kabla jua halijawa kali: vitambaa vya rangi zote, ubani, viatu, sufuria, na akina mama wauza maziwa ya ngamia wakiwa na madumu yao, wakimwonjesha mnunuzi kabla ya kutaja bei. Mwite mama kwa heshima yake, toa salamu kamili, uulize hali, ndipo uulize bei. Anayeanza na bei huonekana hana adabu, na bei humpandia.

Bulla moja ni ya kuendea kwa utulivu. Bulla Kartasi, ambayo masikio ya Mswahili huisikia mara moja kuwa karatasi, ilichomwa moto na vikosi vya serikali Novemba 1980 baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini. Wakaazi walikusanywa na kuzuiliwa katika uwanja wa shule ya msingi, na hadi leo hakuna hesabu ya waliokufa inayokubaliwa na pande zote. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililiandika jambo hili katika ripoti yake ya mwaka 2013. Hapa hutahitaji kamera. Ukikaa na wazee chini ya mti na wakataka kusimulia, sikiliza. Wasipotaka, kunywa chai.

Nasema hivyo hivyo kuhusu chuo kikuu. Aprili 2, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa humo na magaidi wa Al-Shabaab. Chuo kilifunguliwa upya Januari 2016, na leo vijana wanasoma pale. Nimewahi kuulizwa kama mgeni apelekwe kukitazama. Jibu langu ni kwamba mwenye shughuli na wanafunzi au walimu wake aende kwa shughuli hiyo. Kwenda kutazama kuta kwa ajili ya kilichotendeka ndani yake ni kuwafanya wanaosoma humo sasa waishi ndani ya kaburi. Aidha nisimdanganye msomaji: ushauri wangu unahusu mji wa Garissa tu. Barabara zielekeazo mpaka wa Somalia na msitu wa Boni si za mapumziko, na hata mjini yafaa uwe na mwenyeji anayejua hali ya siku hiyo.

Sasa chakula, ambacho peke yake kingetosha kuwa sababu ya safari. Asubuhi utaletewa anjera, mkate laini wenye vitundu kama sega la nyuki, pamoja na maini au mchuzi, na chai iliyopikwa kwa maziwa ya ngamia na kutiwa iliki na tangawizi. Maziwa hayo yana chumvichumvi kidogo, na mgeni akishazoea huyaona maziwa ya ng'ombe kuwa yamepooza. Mchana ni wali, nyama ya mbuzi au ya ngamia, na ndizi mbivu pembeni. Usiisukume ndizi hiyo ukidhani ni ya baada ya chakula. Imenywe, uitafune pamoja na wali na pilipili, na baada ya matonge matatu utakuwa umesilimu. Ndizi yenyewe haikutoka mbali: mashamba ya kandokando ya Tana hutoa ndizi, maembe na matikiti kwa maji yanayovutwa mtoni.

Chakula kikuu cha safari, hata hivyo, ni nyirinyiri. Nyama hukatwa vipande virefu vyembamba, ikaanikwa, ikakatwakatwa tena vidogo vidogo, ikakaangwa hadi maji yote yaishe, kisha ikahifadhiwa ndani ya samli au mafuta. Hukaa miezi bila kuoza. Ni elimu ya watu wahamao na mifugo, waliotatua shida ya hifadhi ya nyama kabla jokofu halijafikiriwa. Nashangaa kwamba kila duka la Nairobi linauza nyama kavu kutoka ng'ambo na ni machache mno yanayouza hii.

Siku ya pili ianze sokoni kwa mifugo, mojawapo ya masoko makubwa zaidi ya mifugo katika Afrika Mashariki. Mifugo huletwa hapa kutoka pande zote za kaunti na hata kutoka ng'ambo ya mpaka. Mtafute "dilaal", ambaye ni ndugu wa dalali wetu kwa baba mmoja Mwarabu. Mtazame akimshika mnunuzi mkono chini ya kitambaa: bei inapatanwa kwa vidole, kimya kimya, na aliyesimama kando haambulii hata senti ya habari. Hapa pia ndipo mwalimu wa lugha anapojifunza unyenyekevu. Kiswahili kina ngamia, basi. Msomali ana "hal" kwa jike, "awr" kwa dume la kubebea mizigo, "nirig" kwa mtoto, na orodha haijaanza.

Wasomaji wataniuliza kuhusu sanaa, maana wamezoea sanaa iwe picha ukutani. Sanaa ya hapa ilibidi ipakiwe juu ya ngamia. Tazama mikeka ambayo wanawake huisuka kwa ajili ya "aqal", nyumba ya kuhamahama wanayoijenga na kuibomoa wao wenyewe. Tazama vibuyu vya maziwa vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi hadi havivuji. Lakini sanaa kuu kuliko zote haina uzito wowote, nayo ni ushairi. Ewe mpenzi wa mashairi ambaye hutafuta vina vya kati na vya mwisho, hapa utapigwa na mshangao. Mshairi wa Kisomali hapatanishi miisho ya maneno, bali mianzo. Akichagua sauti ya "g", kila kipande cha mshororo sharti kiwe na neno lianzalo kwa "g", tangu mwanzo wa utungo hadi mwisho, hata ukiwa na mishororo mia. Irabu zote huhesabiwa kuwa sauti moja. Utungo mzito wa wanaume huitwa "gabay", na wanawake wana "buraanbur" yao, iimbwayo kwa ngoma harusini. Haya yote yalihifadhiwa kwa kumbukumbu za watu, kwani hati rasmi ya Kisomali ilianza mwaka 1972. Mwenyeji wako akialikwa harusi, jialike.

Alasiri teremka mtoni. Watu hudhani Garissa ni Wasomali peke yao, ilhali kingo za Tana hukaliwa na Wamunyoyaya, wasemao aina ya Kioromo, na Wamalakote, ambao lugha yao ya Kibantu, Kiilwana, imekaa na Kioromo muda mrefu hata ikabadilika sauti na sarufi. Mwanaisimu Derek Nurse aliiandikia kitabu mwaka 2000. Lugha hizi ni ndogo, na hazimo katika mtihani wowote wa taifa. Kaa na wavuvi na wakulima nusu saa utazisikia zikipishana na Kisomali na Kiswahili katika mazungumzo ya bei ya pampu.

Jua likianza kulegea, mwambie mwenyeji akupeleke Bour-Algi, kusini mwa mji, kwenye hifadhi ya twiga. Ni wale wenye mabaka yaliyochorwa kama wavu, aina inayopatikana kaskazini na mashariki mwa nchi. Wanaishi karibu na binadamu, wakila miti ya migunga huku mbuzi wakipita chini ya miguu yao na watoto wakirudi kutoka chuoni na mbao zao za Kurani. Kaa hapo hadi adhana ya magharibi. Kesho yake ondoka mapema, na kopo la nyirinyiri ulifunge vizuri, kwa kuwa samli huyeyuka barabarani kabla hujafika Mwingi.